Umekula kitu tumbo likachafuka? Cha kufanya usiku huohuo, na lini uache kujitibu

Mimi nauza duka la dawa hapa Dar na Jumatatu asubuhi wateja wangu wa kwanza wanajulikana, ni watu wa tumbo. Wikiendi kulikuwa na harusi, au kipaimara, au mtu kapita tu kwa muuza chipsi saa tano usiku, na tangu saa nane hajalala, anaenda chooni anarudi, anaenda anarudi. Anaingia kajishika tumbo, "dokta nipe Flagyl na zile za kufunga". Dokta sio mimi lakini tuache hilo, shida ni kwamba hivyo viwili alivyotaja mara nyingi ndo ambavyo havihitaji, na anachohitaji kiko kwenye boksi pale chini, pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ya hela ndogo tu, na ukimwambia anakunja uso anaona unamchezea.

Nielewe vizuri hapa maana yote ninayoandika yanasimama juu ya hili. Ukila chakula kibaya, kutapika na kuharisha ni mwili unasukuma uchafu nje, na kwa mtu mzima mwenye afya yake mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya siku moja mpaka tatu bila kidonge chochote. Kinachomlaza mtu, na kinachoua watoto, ni maji na chumvi zinazotoka na ule mharo. Kwahiyo kazi yako usiku ule ni kurudisha kinachotoka, kadiri kinavyotoka. Mengine yote yanafuata.

Kabla hujafanya kitu, angalia kama hii ni ya nyumbani kweli

Kuna hali ambazo hukai unachanganya chumvi na sukari, unatafuta bajaji, boda, jirani mwenye gari, unaenda hata kama ni usiku wa manane.

Choo chenye damu. Homa kali, kipimo kinagonga 39. Mtu anatapika kila kinachoingia, hata kijiko cha maji hakikai. Hajakojoa masaa sita, nane, au akikojoa ni kidogo na rangi imekolea kama chai ya rangi. Akisimama anaona giza, anaongea vitu havieleweki, analala lala tu na kumuamsha ni kazi. Maumivu ya tumbo makali yasiyoachia, yamekaa sehemu moja, hasa chini upande wa kulia, hiyo inaweza isiwe chakula kabisa, inaweza kuwa kidole tumbo.

Choo cha maji matupu, meupe meupe kama maji ya kuoshea mchele, kinatoka mfululizo, hicho kihesabu ni kipindupindu mpaka hospitali waseme sio. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima karibu lita nzima ndani ya saa moja, yani asubuhi yuko dukani anauza, jioni mnapigiana simu za msiba. Dar tunakijua, ule mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa mjini ukaenda mikoa kibao. Kwahiyo mkimbize hospitali, ila ORS mpe njiani, usisubiri mfike.

Kwa mtoto dalili zinasoma tofauti kidogo. Macho yamezama, analia machozi hayatoki, mdomo mkavu, utosi umebonyea kwa mtoto mchanga, hataki kunyonya. Alafu fanya hiki, mbane ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole viwili pembeni ya kitovu uachie, ngozi ya mtoto mwenye maji inarudi hapo hapo, ikibaki imesimama mkunjo sekunde mbili au zaidi ndo irudi, hapo amekauka vibaya, nenda. Na mtoto chini ya miezi sita usijaribu jaribu nyumbani kwa siku nzima, sawa na mjamzito, mzee, mwenye sikoseli, mwenye kisukari, mwenye shida ya figo, anayeishi na VVU. Hawa mlango wao wa kusubiri ni mwembamba.

Na kuna dalili moja watu wanaipita. Mdomo na ulimi kufa ganzi, kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, kushindwa kumeza, mikono kukosa nguvu. Hiyo sio tumbo la kawaida, ni sumu inayogonga mishipa ya fahamu, nitaieleza mbele. Na mtu akitoka jasho jingi, mate yanamtiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta, fikiria dawa ya wadudu au ya shambani iliingia kwenye chakula. Usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta, mkimbize, na kama kopo la dawa lipo nenda nalo.

Hujaona hata moja ya hizo? Sawa, sasa tukae jikoni.

ORS, na namna watu wanavyoiharibu

Pakiti nyingi za ORS huku kwetu ni za kuchanganya na lita moja ya maji, zipo pia za nusu lita na ndogo zaidi, kwahiyo SOMA PAKITI. Nasema kwa herufi kubwa maana hapa ndo pana makosa. Mtu anachukua chupa ndogo ya maji ya nusu lita anamwaga pakiti nzima ya lita moja, inakuwa chumvi mara mbili, anampa mtoto mdogo, na chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto inaleta degedege. Mwingine anachukua chupa kubwa ya dukani akidhani ni lita, kumbe ile kubwa ni lita moja na nusu, inakuwa nyepesi haifanyi kazi inavyotakiwa. Mwingine anachota kijiko cha unga anaweka kwenye glasi, unga uliobaki anafunga anaweka kabatini kwa ajili ya kesho, hapo hakuna kipimo tena, ni kubahatisha.

Njia rahisi: chukua chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita (angalia lebo, nyingine ni mililita 600), mwaga zote kwenye jagi safi, tia pakiti nzima, koroga mpaka maji yaonekane masafi. Usiongeze sukari, usiweke juisi, usiweke soda ili inoge. Usiichemshe ikishachanganywa. Funika. Ikifika masaa 24 iliyobaki mwaga, changanya nyingine.

Huna pakiti na maduka yamefungwa? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai SITA vya sukari, NUSU kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, sio vya kilima, pitisha kisu juu ukate kilichozidi. Ukionja isiwe na chumvi kuzidi machozi, ikizidi imwage uanze upya. Na kama utakosea basi ni heri ukosee upande wa chumvi kidogo. Hii ya nyumbani inasogeza mpaka asubuhi, pakiti ni bora zaidi maana ina potasiamu pia na vipimo vyake vimepigwa, ile fomula inayotumika sasa Shirika la Afya Duniani liliirekebisha mwaka 2002, ikapunguzwa chumvi na sukari baada ya kuonekana watoto wanatapika kidogo na dripu zinahitajika kidogo.

Sasa kunywesha. Mtu mzima, kila akitoka chooni glasi moja, mbili akiweza. Mtoto wa miaka miwili na kuendelea, nusu kikombe mpaka kikombe kizima kila akiharisha. Chini ya miaka miwili, robo mpaka nusu kikombe. Anatapika? Hapa ndo wengi wanakata tamaa, "dokta kila nikimpa anarudisha". Unampa glasi nzima kwa mkupuo tumbo limevurugika unategemea nini? Akitapika subiri dakika kumi, alafu anza upya kwa kijiko kidogo, kimoja kila dakika moja au mbili. Kaa naye. Inachosha, mkono unauma, saa kumi usiku uko macho unahesabu vijiko, lakini inaingia. Hata yule anayetapika, kuna kiasi kinabaki.

Watu wanaidharau ORS kwa sababu ni chumvi na sukari tu, wanataka dripu, mtu asipotundikiwa dripu anaona hajatibiwa. Mwaka 1971 vita ya Bangladesh ilipowakimbiza watu mamilioni kuingia India, kambi ya Bongaon ililipuka kipindupindu na dripu zikaisha, daktari mmoja anaitwa Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, glukosi (aina ya sukari) na baking soda kwenye mapipa makubwa, ndugu wa wagonjwa wanakinga wenyewe wanawanywesha. Vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 mpaka chini ya 4. Kinachofanyika ni kwamba sukari ikipita ukuta wa utumbo inavuta chumvi, chumvi inavuta maji, na mlango huo haufungwi hata utumbo ukiwa unaumwa. Ndo maana maji matupu peke yake hayatoshi, na ndo maana soda haifai, sukari yake ni nyingi mno mpaka inavuta maji kuyaleta kwenye utumbo, unaharisha zaidi. Ile ya kutoa gesi kwenye soda kwanza haibadilishi chochote.

Dafu ni zuri kama nyongeza, lina potasiamu nyingi ila chumvi yake ni ndogo, lisichukue nafasi ya ORS. Uji mwepesi, supu, maji ya wali yenye chumvi kidogo, sawa kabisa.

Mtoto ongeza zinki

Mtoto akiharisha ORS inaenda na zinki, tena ni vya kununua pamoja. Miezi sita na kuendelea kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, chini ya miezi sita nusu yake, kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama, siku 10 mpaka 14. Mharo ukikata siku ya tatu bado unaendelea, hapa kina mama wengi wanaacha. Zinki inafupisha ugonjwa na inamsaidia asirudie miezi michache ijayo, inayobaki kwenye droo haimsaidii mtu.

Kunyonyesha usiache. Chakula pia usimkatie mtu ati tumbo lipumzike, akipata hamu mpe wali laini, viazi, ndizi, uji, mtori usio na mafuta mengi, kidogo kidogo mara nyingi. Maziwa ya ng'ombe kwa mkubwa yaache siku mbili tatu, utumbo ukishachubuka unashindwa kuyasaga kwa muda. Na hapa niseme, hii imani ya kwamba maziwa yanaua sumu iachwe. Hayaui. Na mkaa wa jikoni uliosagwa sio ule mkaa wa hospitali, usimnyweshe mtu masizi.

Dawa za kuacha kwenye kaunta yangu

Flagyl. Jamani. Flagyl inaua amiba, giardia na aina fulani za bakteria. Haiui virusi, na haifanyi lolote kwa sumu iliyokwisha tengenezwa kwenye chakula, na matumbo mengi ya ghafla ni hayo mawili. Alafu yenyewe inaleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, kwahiyo mtu anayetapika unamuongezea. Ananunua vidonge sita anakunywa vinne, tumbo linapona kwa sababu lilikuwa linapona, sifa anapewa Flagyl, na mwezi ujao anarudi kaifanya ni desturi. Antibiotiki kama sipro na azithro hivyo hivyo, kuna mharo unaozihitaji kweli, kama ule wa damu na homa, lakini aamue aliyekupima.

Za kufunga tumbo, loperamaidi, wengi mnaijua kama Imodium. Mtu mzima, hana homa, hana damu, ana safari ya basi mpaka Mbeya, naelewa, moja ya lazima sawa. Mtoto mdogo hapana, kabisa. Na kama kuna damu au homa hapana kwa yeyote, unafungia bakteria ndani wanaendelea na shughuli zao.

Maumivu tumia panadol. Diklofenaki na ibuprofeni ziweke pembeni maana mwili ukiwa umekauka zinaumiza figo. Na kama unatumia dawa za presha za kukojolesha, au metformini ya sukari, na unaharisha sana, piga simu kwa anayekutibu uulize kama uendelee, usikae kimya.

Taifodi. Hii najua nitagombana na watu, maana hapa mjini kila mwenye tumbo au kichwa akipima anatoka na "UTI na taifodi". Taifodi kutoka siku umekula uchafu mpaka dalili inachukua mara nyingi wiki moja mpaka tatu, na dalili yake kubwa ni homa inayopanda siku baada ya siku. Huwezi kula chipsi jana ukaharisha leo ikawa taifodi ya zile chipsi. Na kile kipimo cha Widal cha tone la damu hakimtafuti mdudu, kinatafuta kinga alizowahi kutengeneza mwili, kinaweza kusema ndiyo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, kumtafuta mdudu mwenyewe. Ukipewa majibu ya Widal na sindano za siku saba wakati huna hata homa, una haki ya kuuliza swali la pili.

Nani kakulisha? Hesabu masaa kabla hujamlaumu mama ntilie

Watu wote wanalaumu mlo wa mwisho. Mara nyingi sio.

Ukianza kutapika ndani ya nusu saa mpaka masaa sita na homa hakuna, hapo sumu ilikuwa tayari kwenye chakula, ama ya bakteria anaitwa staphilokoka iliyotoka mikononi au puani kwa mpishi, ama ile ya wali uliolala. Inakuja kwa fujo, inaisha kwa fujo, kesho yake uko mzima umepona. Ukianza na tumbo kusokota na mharo bila kutapika sana, masaa sita mpaka 24, tafuta nyama au mchuzi wa sufuria kubwa uliokaa. Virusi vya kutapisha vinachukua masaa 12 mpaka 48, na utaviona kwa sababu nyumba nzima inaanguka mmoja mmoja. Bakteria wa salmonela, wa kuku na mayai, masaa sita mpaka siku sita. Kampilobakta, bakteria wa kuku pia, siku mbili mpaka tano, yani unaumwa Alhamisi kwa kuku wa Jumapili. Homa ya ini aina A ndo kabisa, wiki mbili mpaka saba, macho yanakuwa manjano na hukumbuki hata ulikula wapi.

Kwahiyo kaa chini andika ulichokula siku tatu nyuma na mlikula na nani. Kama wengi walioumwa wanakutana kwenye sherehe moja, usiishie kwenye grupu la WhatsApp la kamati, mpigie afisa afya wa kata, mabaki ya chakula yafungeni vizuri yawekwe kwenye friji msiyamwage, ndo ushahidi. Na naomba tupunguze "kuna mtu katia kitu kwenye chakula". Mara nyingi aliyetia kitu ni jua.

Sumu ambazo moto hauzigusi

Hizi ni chache ila ndo zinazika familia.

Kasa. Pemba Novemba 2021 watu saba walikufa baada ya kula nyama ya kasa, akiwemo mtoto wa miaka mitatu. Machi 2024 kisiwa cha Panza, hukohuko Pemba, wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Sio kasa wote wana sumu, na hapo ndo mtego, mtu kala mara kumi hakudhurika. Haionekani, hainuki, haitoki kwa kuchemsha, haina dawa ya kuipinga, na mama akila mtoto anaweza kuipata kwenye maziwa. Hakuna namna ya kumuandaa kasa akawa salama.

Bunju, yule samaki anayejivimbisha. Ganzi ya midomo inaanza mapema, alafu misuli inalegea mpaka ya kupumulia. Mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila mnachosema na hawezi kujibu. Hospitali watampumulisha kwa mashine mpaka sumu iishe, na wapo wanaopona, kwahiyo dakika ni mali.

Vibua na jodari waliokaa juani. Hii tunaiita aleji kimakosa. Samaki wa aina hii akikosa barafu bakteria wanatengeneza kemikali inaitwa histamini kwenye nyama, ukimkaanga samaki anaiva histamini inabaki pale pale. Ndani ya dakika chache mpaka saa moja hivi uso unakuwa mwekundu au wa moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wengine wanaharisha. Ukimng'ata samaki ukasikia ulimi unachoma choma kama pilipili wakati pilipili haipo, tema. Dawa za aleji kama cetirizini zinasaidia, ila kifua kikibana nenda hospitali.

Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri una sumu ya sianidi. Kasese, Uganda, Septemba 2017, watu walikula ugali wa muhogo msibani wakaumwa, jumla ya wagonjwa 98 na wawili wakafa. Na mahindi au karanga zilizoota kuvu: Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake, sumu kuvu ya mahindi iliua watu 125 kati ya 317 walioumwa. Punje yenye ukungu usiipepete ukasaga iliyobaki ukasema itaiva. Itaiva, sumu ipo.

Kiporo

Najua hakuna atakayeacha kiporo, mimi mwenyewe wali na maharage ya jana na chai asubuhi siachi. Tuongee namna.

Mchele mbichi unakuja na mbegu za bakteria anaitwa basilasi, kuchemsha hakuziui. Wali ukipoa taratibu kwenye sufuria yake, umefunikwa, juu ya meza, usiku wa Dar wa joto la Januari, zile mbegu zinaamka zinazaliana zinatoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo kupasha hakuitoi. Unaona mtu kaupasha wali mpaka umetoa moshi, kala, saa tatu asubuhi anatapika, anaapa aliupasha. Ni kweli aliupasha.

Kwahiyo kinachookoa kiporo kinafanyika usiku. Mkimaliza kula, toa wali kwenye sufuria, utandaze kwenye sinia au bakuli pana upoe haraka, ndani ya masaa mawili uwe kwenye friji, joto likiwa limepita 32 basi ndani ya saa moja. Asubuhi pasha mara moja, kila sehemu iwe ya moto sana, kula kilichopashwa, usirudishe tena. Huna friji? Basi wali pika wa kuisha, huo ndo ukweli wenyewe, au bakiza vikavu kama chapati. Maharage yanavumilia kidogo zaidi ukiyachemsha yakatokota kabla ya kulala ukafunika bila kuchota tena, na asubuhi ukayatokosha tena, ila sio salama kama friji, na yakiwa yameungwa nazi usijaribu, nazi inachacha haraka. Mchuzi ukitoa povu au wali ukivuta utando, huo hata kuku usiwape. Ila usitegemee pua peke yake, chakula kinaweza kunuka vizuri na kikakulaza.

Umeme ukikatika usifungue fungua friji. Likifungwa linashika baridi kama masaa manne, friza iliyojaa kama masaa 48, iliyojaa nusu kama 24. Baada ya hapo nyama, samaki, maziwa na viporo vimeondoka, hata kama LUKU ndo imeisha na hela imeuma.

Kwa wapishi wa shughuli: pilau linapikwa alfajiri, linaliwa saa tisa mchana baada ya hotuba. Hapo katikati liwe juu ya mkaa unaowaka kweli, sio majivu ya uvuguvugu, maana uvuguvugu ndo bakteria wanaoupenda, kati ya nyuzi 5 na 60. Nyama ya rosti igawe kwenye vyombo vidogo kama itapoozwa, sufuria la kilo thelathini katikati yake halipoi usiku kucha. Kachumbari ikatwe mwisho, kwa ubao na kisu ambavyo havijagusa kuku mbichi.

Kusafisha, na walio nyumbani

Matapishi usifagie. Vaa glavu, futa kwa matambara ya kutupa au karatasi, alafu mwaga jiki. Ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha jiki kwa maji vipimo sita, iache dakika kumi ndo ufute. Usichanganye na dawa nyingine ya choo, mvuke wake unaumiza mapafu. Mikono ni sabuni na maji yanayotiririka, sanitaiza haiviwezi vizuri virusi vya kutapisha. Kama kuna wasiwasi na maji, yachemshe mpaka yatokote dakika moja nzima au tumia WaterGuard, dawa ya kutibu maji, kama chupa inavyoelekeza, na juisi za barafu za mtaani ziacheni kwa muda.

Mgonjwa awe na taulo lake na kikombe chake. Na asipike. Hata akiamka asubuhi anajisikia vizuri kabisa, anataka kuonyesha amepona kwa kukanda chapati, mwambie akae, asiguse chakula cha wengine mpaka yapite masaa 48 tangu mara ya mwisho kuharisha au kutapika. Kama ndo kazi yake, mama ntilie, mpishi wa shule, dada wa nyumbani, hizo siku mbili apewe bila kukatwa hela, la sivyo atarudi kazini anaficha.